Kalke Ina Uso na Mgongo

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, na wengi wenu humu ukumbini mmenisikia, maana sauti yangu siyo ndogo. Nimeona ziwa likipanda mpaka jikoni mwa watu. Nimelala siku kumi na moja kwenye treni iliyokwama porini kabla ya Kabalo, mimi na mabati yangu mia mbili, na halikupotea hata moja. Nikasema basi, kushangaa nimemaliza. Papa na Mama wa darasa letu la kusoma, ndugu zangu mliokuja kutushangilia, leo nasimama kuwaambia jinsi karatasi moja nyepesi ilivyoniangusha.

Nianze pale pa kujivunia, mnanijua, siwezi kuparuka. Mimi nilianza na udongo. Nilikanyaga udongo wa matofali kando ya mto Lukuga nikiwa sina shati. Darasa la pili nililiacha katikati. Pesa naihesabu kichwani, hakuna mwenye duka aliyewahi kunipunja, lakini herufi na namba za kwenye karatasi kwangu zilikuwa nyayo za kuku. Na bado nikafika kuwa na mafundi ishirini, nikawa na biro, ofisi yangu mwenyewe, karibu na bandari, biro ya kuchora na kujenga nyumba, yenye kibao cha bluu mlangoni. Nani mwingine wa mtaa wetu aliwahi kuwa na kibao? Shule tumejenga. Depo za mahindi kule Kabalo tumejenga. Nyumba za watu wanaosalimiwa kofia ikiwa mkononi, tumejenga.

Nasema tumejenga, kwa sababu tulikuwa wawili.

Mwenzangu simtaji jina. Ni mtu wa Mpala, mwembamba, mpole, mwenye rula ya mti aliyorithi kwa baba yake. Yeye ndiye aliyechora. Kabla ya kuchora nyumba alibeba kiti na karanga, akakaa kwenye kiwanja kitupu tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Watu walimcheka: "Papa, unalinda majani?" Naye anajibu, "Nangoja nyumba ifike." Alikuwa anaangalia upepo wa ziwa unaingilia wapi, maji ya mvua yanapita wapi, wamama wenye ndoo wanakatiza wapi. Halafu anarudi biro kuchora kwenye kalke, ile karatasi laini inayopitisha mwanga. Ukiiweka juu ya mkono, mkono unauona. Vipimo alinifungia kwenye kamba, mafundo kwa kila chumba, akasema ndiyo desturi ya biro yetu. Na pembeni mwa kila kalke alichora vipicha: mawimbi upande wa ziwa, nyayo za miguu upande wa njia, mchikichi kama pana mchikichi. Nilidhani ni urembo.

Nyumba zake mnazijua. Ukiingia saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, ndani kuna baridi tamu na hewa inatembea. Mpaka leo nikipita kwa moto, pikipiki ya kukodi, kwenye ule mtaa wa kupanda, namwambia dereva apunguze. Natazama madirisha aliyoyachora yeye. Ndugu zangu, nawaambia bila haya, huwa nayasalimia.

Basi, ikaja kazi kubwa. Masista walitaka nyumba ya uzazi, juu kule, ziwa mbele, shamba la mihogo upande mmoja, njia ya soko upande mwingine. Mwenzangu alikaa pale na kiti chake siku tatu. Alipoleta kalke, nikaona vile vipicha. Nikampigia kelele mbele ya mafundi.

"Weye, acha hizi picha za chekechea! Hii ni kazi ya watu wakubwa. Unataka masista waseme hatukusoma?"

Akaniangalia kidogo. "Yaya," ndivyo alivyoniita, kama kaka mkubwa, "hizi ziko na kazi yake."

"Kazi gani? Ondoa!"

Mafundi wakacheka, nami nikacheka nao. Akachora upya, kalke safi, bila mawimbi wala nyayo. Kesho yake malaria ikamwangusha. Akanitumia kalke na kamba, akapelekwa kwao Mpala kupona. Nikaenda kupima msingi peke yangu, kifua mbele.

Sasa sikilizeni. Kalke inaonekana pande zote mbili. Ukiishika kinyume, kuta bado ni kuta na milango bado ni milango. Maandishi ndiyo yanayogeuka, na yanageuka kwa yule anayeyajua. Mimi nilivuta kamba, nikachimba, nikajenga. Ukuta ulinyooka kama mshale. Chumba cha kuzalia, ambacho mwenzangu alikiweka upande wa mihogo, upande wa kimya, mimi nilikisimamisha upande wa njia ya soko.

Mwenzangu alirudi mabati yameshapigwa. Siku ya kukabidhi funguo, sista mkubwa akatembea ndani, akafungua dirisha, akaona wauza dagaa wanapita hapo nje, karibu wamguse.

"Papa, chumba cha kuzalia njo hiki?"

Nikamtazama mwenzangu. Akachukua kalke, akaitazama. Akaigeuza. Akanitazama mimi. Ndugu zangu, mtu anaweza kukutazama usisahau mpaka kaburini. Kisha akasema, "Ni mimi, Sista. Mimi nilichora vibaya."

Na mimi nilikaa kimya. Mimi, mwenye mdomo huu.

Tulipofika biro akafunga mlango. "Yaya, kalke iko na uso na mugongo. Wewe umejenga mugongo."

Nikamtukana. Nilimwambia yeye ni mtu wa kalamu tu, bila mimi angekuwa anauza karanga zake. Akachukua rula, akachukua kiti, akaenda bandarini kutafuta boti ya Mpala.

Mji wetu mnaujua kwa majina. Wakamwita Papa Kinyume. Kule juu wamama walikataa chumba kile. Mmoja nilimsikia kwa masikio yangu: "Nizalie ku soko? Miye niko mbuzi?" Wakawa wanazalia kwenye stoo, katikati ya magunia, kwa sababu stoo ndiyo iliyokuwa upande wa mihogo. Na kila aliyepita akasema: yule Papa Kinyume, aliwaharibia masista. Nilisikia. Wakati mwingine nilitingisha kichwa pamoja nao.

Miaka tisa. Nilichukua wachoraji wengine, vijana wenye diploma. Wanachora kwenye mashine, hawaendi kiwanjani. Hakuna aliyenifungia kamba. Kazi zikapungua, mafundi ishirini wakawa wanne. Lakini siyo kazi iliyonisumbua. Mvua ikianza kunyesha natoka barazani kuangalia maji yanapita wapi, nageuza shingo nimwambie mtu, mtu hayupo. Karanga nimeacha kula. Mke wangu anajua.

Ni yeye, Mama wa nyumba, aliyenigeuza. Bati la biro lilivuja, akatandika kalke za zamani sakafuni zikauke. Akazizunguka polepole, mikono kiunoni.

"Papa, mbona hizi zote ziko na maji na miguu pembeni, na hii moja haina?"

Nikasema ni urembo.

"Urembo wa nani? Mwenye nyumba hakai na kalke. Kalke ulikuwa unakaa nayo wewe."

Nilikaa chini, palepale, kwenye maji. Ukiyaweka mawimbi upande wa ziwa na nyayo upande wa njia, hata kipofu wa herufi hawezi kuishika kinyume. Kumbe mwenzangu alijua. Miaka yote alijua kwamba sisomi, akanitengenezea barua ambayo ningeweza kuisoma, na hakuniaibisha hata siku moja. Mimi ndiye niliyemwamuru aifute, ili nionekane nimesoma.

Wiki iliyofuata nikaingia darasa hili. Mliniona, mtu mzima mwenye tumbo, nimebanwa kwenye benchi la watoto. Mlicheka, haki yenu. Ilipofika miezi saba nikaleta ile kalke nyumbani, nikaipeleka dirishani. Ch, u, chu. M, ba. Maandishi yalikuwa yamegeuka, herufi zinatazama nyuma. Nikaigeuza. CHUMBA CHA KUZALIA. Na pembeni, kwa herufi ndogo: MIHOGO, KIMYA.

Nikapanda kwa masista siku hiyo hiyo, na jasho langu. Nikamwambia sista mkubwa: yule hakukosea, mimi ndiye. Akasema, "Papa, wamama bado wako kwenye stoo." Nikabomoa, nikajenga tena, kwa mfuko wangu.

Kisha nikapanda boti. Nilimkuta anafunga ua wa shamba lake. Kichwa cheupe.

"Yaya," akasema. "Umenona."

"Ulijua kwamba sijui kusoma?"

"Tangu kalke ya kwanza. Uliishika miguu juu, ukasema nyumba nzuri."

Tulicheka mpaka akashika mti asianguke. Nilikuwa nalia pia, sikujua ni kipi kilianza.

"Rudi," nikamwambia. "Kibao bado kipo."

"Hapana, yaya. Mihogo yangu iko hapa, na macho hayashiki tena mstari." Akarudi kwenye ua wake, akakaza fundo. "Kule bado wananiita Papa Kinyume?"

Sikuweza kumdanganya.

"Basi, hilo njo la kurekebisha. Chumba umesharekebisha."

Ndiyo maana nimesimama. Ninyi mliolitumia jina lile, na mimi wa kwanza kulinyamazia: mchoro wake ulikuwa sawa. Kinyume ni mimi. Mwambieni na jirani ambaye hakuja.

Asante, mwalimu wetu, kwa uvumilivu. Asante, Mama wa nyumba, kwa kuuliza. Asante, masista, hamkunifukuza. Na wewe unayenisikiliza huku umeficha kitu usichokijua, nakuomba: yupo mtu karibu yako ambaye ameshajua, na anakubebea. Mwangalie vizuri kabla hujamcheka mbele ya mafundi. Mimi wangu namtafuta kila mvua, na yuko ng'ambo ya siku nzima ya boti.

Najua wapo wanaotaka kuuliza kazi ile ya kubomoa na kujenga tena ilinila ngapi, wanadhani nitaficha. Nimejumlisha mwenyewe, kwa kalamu, mara tatu: matofali, saruji, mabati, mafundi, na boti ya kwenda Mpala na kurudi. Dola elfu mbili mia saba arobaini na tatu, na faranga elfu sita.