Ginka Tsolova Marinska, wa Kiti cha Safu ya Tatu

Maneno haya yameandikwa na mjukuu wa marehemu, Zornitsa, na yanasomwa na binti wa marehemu, Rumyana, kwa kuwa aliyeyaandika hajiamini kwamba atafika mwisho bila sauti kumkatika.

Marehemu Ginka Tsolova Marinska alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1941 hapa Gorni Yasen, mkoa wa Vratsa. Alikuwa mtoto wa pili wa Tsolo, fundi wa magurudumu ya mikokoteni, na mkewe Parashkeva. Siku hiyo mvua ilinyesha na paa likavuja, na mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyo alianza kulalamika hata kabla ya kukatwa kitovu. Ndugu zake wote watatu wamemtangulia.

Alisoma katika shule ya kijiji hadi darasa la saba, mwaka 1955. Mwalimu alitaka aendelee mjini, lakini nyumbani kulikuwa na jozi moja tu ya viatu vya kumpeleka mtoto mjini, na viatu hivyo vilimtosha kaka yake. Marehemu hakulisamehe jambo hilo hadi kufa kwake, wala hakulificha.

Mwaka 1957 aliajiriwa katika kiwanda cha jibini cha ushirika, akadumu hapo miaka thelathini na mitano, kazi yake ikiwa kuonja chumvi. Jumamosi aliuza tiketi katika ukumbi wa kijiji, filamu zilipoletwa na lori. Taa zikizimwa alikaa safu ya tatu, kiti cha kwanza, karibu na jiko la kuni, ili achochee moto bila kukosa picha. Kiwanda kilifungwa mwaka 1992, na lori la filamu likaacha kuja mwaka huohuo. Ufunguo wa ukumbi ulibaki kwake, na hakuna aliyekuja kuudai. Kila masika alifungua madirisha na kupangusa viti vyote mia na ishirini, kana kwamba lori limechelewa tu.

Tarehe 5 Februari 1961 aliolewa na Hristo Marinski, dereva wa trekta, wakajaliwa watoto wawili, Rumyana na Plamen. Rumyana alihamia Sofia, Plamen akaenda Hispania, na Hristo akafariki mwaka 2009. Marehemu alikataa kuhama. Kijiji kilizidi kupungua hadi wakabaki watu thelathini na mmoja, naye aliwajua wote kwa kikohozi.

Aprili 2022, Zornitsa, akiwa mwaka wa mwisho katika chuo cha filamu, alikuja na wenzake wanne kupiga filamu yake ya kuhitimu. Hakuwa na uwezo wa kumlipa mwigizaji, akamchukua bibi yake. Filamu hiyo, Ngano ya Kesho, ya dakika kumi na nane, inamhusu mwanamke anayechemsha mwenyewe ngano ya msiba wake, ile ya sukari wanayogawiwa waombolezaji, kwa kuwa anajua hatabaki mtu wa kumchemshia.

"Bibi, usiitazame kamera."

"Yenyewe ndiyo inayonitazama. Iambie iangalie kwingine."

Kwa ajili ya filamu walichapa matangazo ya kifo yenye picha na jina lake halisi, wakayabandika getini, dukani na kwenye kituo cha basi. Kamera ilikuwa ya chuo na ilipaswa kurudishwa kesho yake asubuhi. Kila mmoja alijua kazi yake, huyu taa, huyu sauti, ila kubandua karatasi haikuwa kazi ya mtu. Wakaondoka.

Asubuhi, Mzee Lozan, jirani wa ng'ambo ya barabara, aligonga geti akiwa na suti na maua manne, idadi wanayopewa wafu. Nyuma yake Bi Velika alibeba bakuli la ngano iliyochemshwa. Geti lilifunguliwa na marehemu mwenyewe, kuku kwapani.

"Lozan! Suti ya nini, unaoa?"

"Ginka... si umekufa wewe?"

"Nani kasema?"

"Umebandikwa kituoni!"

"Kubandikwa si kufa. Haya ingieni, maadamu mmekuja na chakula."

Alikula vijiko vitatu vya ngano ya msiba wake, kisha akamgeukia Velika. "Sukari haba. Nikifa kweli, ongeza." Kijiji kilicheka mwaka mzima.

Filamu ilikamilika Agosti. Oktoba ikashinda katika tamasha la wanafunzi huko Brno, ikaenda Lisbon, ikaenda Thessaloniki, ikafikia matamasha kumi na moja. Huko Trieste marehemu alipewa tuzo ya mwigizaji bora, kipande kizito cha kioo, akakitumia kuzuia mlango wa banda la kuku usipigwe na upepo. Zornitsa alisimama jukwaani katika miji ambayo bibi yake hakuweza kuitamka, akaona wageni wakifuta machozi kwa ajili yake. Marehemu mwenyewe hakuiona filamu hiyo hata dakika moja.

Sababu yake inauma kuiandika. Tamasha kubwa la hapa nchini hupokea tu filamu ambazo hazijaonyeshwa popote nchini, na mwalimu wa Zornitsa alikuwa amemwonya: "Ukishaionyesha, hata kwenye zizi la mbuzi, imeshaonyeshwa." Mwaka 2023 tamasha liliikataa. Mwaka 2024 liliiweka kwenye orodha ya akiba. Zornitsa akaendelea kuilinda, na marehemu akaendelea kupiga simu.

"Wareno wameiona. Wagiriki wameiona. Mimi na Lozan ndio wenye macho mabaya?"

"Bado kidogo, Bibi."

Januari 2025 miguu ya marehemu ilivimba, akalazwa siku kumi na tisa hospitalini Vratsa. Daktari alisema moyo umechoka. Wiki hiyohiyo barua ilifika: filamu imekubaliwa, itaonyeshwa tarehe 21 Machi. Zornitsa alileta kompyuta hadi kitandani ili bibi yake aitazame pale pale. Marehemu aliifunga kwa kiganja.

"Si kwenye hicho kisanduku. Nitaiona ukumbini, Lozan akinikoholea kisogoni."

"Basi miezi miwili tu, Bibi. Tarehe ishirini na mbili naileta mwenyewe."

"Haya. Mimi nitapangusa viti."

Alirudi nyumbani tarehe 2 Februari. Tarehe 4 Machi alichukua ufunguo na kitambaa, akaenda ukumbini, akapangusa safu mbili za mbele. Rumyana, aliyekuwa amekuja kutoka Sofia kumuuguza, alimkuta ameketi sakafuni, amechoka; marehemu akamwambia kwamba zilizobaki atazimalizia kesho. Hakuinuka tena kitandani. Alifariki Jumatatu, tarehe 10 Machi 2025, saa kumi na mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Rumyana.

Siku hiyo Zornitsa aliliandikia tamasha kulijulisha. Jibu lilikuja baada ya nusu saa: poleni sana, na kama mngewaonyesha majirani kijijini, hilo lisingehesabika. Miaka miwili na nusu, hakuwahi kuuliza. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Huyu mjukuu ana jina, na amelitaja hapo juu.

Mchana matangazo yalibandikwa getini, dukani na kituoni, kwa picha ileile, maana marehemu hakuipenda nyingine. Kwa desturi yetu majirani huja kukaa na maiti. Viti viliwekwa. Hakuja mtu.

Jumanne asubuhi Mzee Lozan alipita na mkate wake, akapaza sauti kutoka barabarani:

"Ginka! Safari hii sivai tai! Mwambie Zornitsa amalize hiyo filamu yake, tumechoka kukuzika!"

Ndani, Rumyana na Zornitsa walikuwa wameketi upande huu na huu wa jeneza. Lozan alisubiri ajibiwe. Hapo ndipo Zornitsa alipoelewa kwamba kijiji kilidhani filamu bado inapigwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba imeisha. Rumyana alitoka akamwambia. Mzee alivua kofia, akarudi kwake, akavaa suti. Tangu hapo ameketi nje ya geti na maua manne, hataki kuingia, hataki kuondoka.

Marehemu ameacha watoto wawili, Rumyana na Plamen; mjukuu mmoja, Zornitsa; kuku saba; na ufunguo wa ukumbi. Bi Velika alitangulia mwaka jana, hivyo ngano imechemshwa na Zornitsa. Sukari ameongeza.

Baada ya maziko tutakwenda ukumbini. Filamu itaonyeshwa huko leo, ili kijiji kijue imeisha. Tafadhali kaeni safu mbili za mbele, ndizo alizopangusa. Mtatosha.

Lala, Bibi Ginka. Amani tuliyokunyima kwa kukwambia bado kidogo, uipate huko.