Mama Rebecca Jemutai Kiptum, Aliyesema Mapema

Mama Rebecca Jemutai Kiptum alizaliwa alfajiri ya tarehe 2 Machi 1945, katika shamba la mzungu karibu na Njoro, ambako babake alichunga ng'ombe. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto saba.

Alisoma hadi darasa la nne, kisha akarudi nyumbani kulea wadogo zake. Kusoma Biblia alijifunza baadaye, kidole kikifuata mstari, na hakuacha mpaka macho yalipokataa.

Mwaka wa 1966 aliolewa na Mzee Kiptum, na Mungu akawajalia Kimeli, Chepchumba na Sydney. Kuanzia 1971 hadi 2003 alipima maziwa katika chama cha wafugaji. Asubuhi moja, maziwa ya bwanake mwenyewe yalikuwa yameanza kuganda. Akamwambia mbele ya foleni, "Mzee, hii rudi nayo. Tutakunywa sisi." Mzee alinuna siku mbili; ya tatu akaanza kuisimulia mwenyewe akicheka. Alimtangulia Mama mbele za Bwana mwaka wa 2011.

Mwaka wa 2021 Mama alianguka, akavunjika nyonga. Ni yeye aliyeomba kwenda makao ya wazee kule Bahati, maana mchana kutwa alibaki na kuku tu wa kuongea nao. Watu walinong'ona kwamba watoto wamemtupa. Akawajibu, "Aliyetupwa huulizwa chai yake iwekwe sukari ngapi?" Lakini minong'ono hiyo ilimchoma kifungua mimba wake, Kimeli. Akaapa moyoni kwamba siku Mama akizidiwa, atampeleka hospitali kubwa kuliko zote, ili mtu asiseme kitu.

Agosti 2024, Sista Mercyline, nesi wa makao hayo, aliita familia waongee na Mama juu ya siku za mbele. Kimeli alidhani ni mambo ya kugawa shamba. Akaja na wazee wawili wa ukoo, na ramani ya shamba kwapani. Mama alicheka hadi akakohoa.

"Shamba halina presha, Kimeli. Anayezeeka ni mimi. Kunja hiyo karatasi ukae."

Mercyline akamuuliza polepole, "Mama, siku ukishindwa kusema, ungependa tukufanyie nini?"

Kwetu, kutaja kifo cha mzazi akisikia ni kama kukiita.

"Sista, haya hayaongelewi," Kimeli akasema.

"Si wewe umeulizwa," Mama akamwambia. "Dawa ya maumivu, nipeni. Mashine na mipira ya puani, hapana. Msinikimbize hospitali nikafie barabarani. Nataka kitanda changu hapa, na sauti zenu."

Mercyline aliandika, akamsomea. Mama akatia sahihi, Chepchumba na Sydney nao wakatia. Kimeli alikataa. Mama hakumlazimisha, bali kila alipokuja kumwona waliongea kidogo. Siku moja akamuuliza, "Mama, huogopi?"

"Naogopa wewe ubaki ukijilaumu," Mama akasema.

Tarehe 10 Oktoba 2025 nimonia ilimshika. Daktari alisema hospitali ingemwongezea siku chache tu, tena kwa mashine. Jumanne tarehe 14, saa nane mchana, ambulensi aliyoiita Kimeli ilisimama getini. Mama hakuweza tena kusema. Kimeli aliingia, akamtazama, akaomba ile karatasi. Akaisoma yote, akaomba kalamu, akatia sahihi. Kisha akatoka akamwambia dereva, "Pole boss, umesumbuka. Rudi tu. Mama yuko mahali alitaka."

Chepchumba alimlowesha midomo kwa mursik, maziwa yetu ya mgando. Sydney alisoma Zaburi. Kimeli alipiga magoti kando ya kitanda, akamwongelesha habari za ng'ombe na mvua, na za ngano iliyokaribia kuvunwa, na uso wa Mama ukalegea kama wa mtu anayesikiliza. Alipumzika saa kumi na dakika ishirini, bila kuhangaika. Alikuwa na miaka themanini.

Mama amewaacha watoto wake watatu, dada yake Jepleting, wajukuu tisa waliomwita Kogo, yaani nyanya, vitukuu wawili, na marafiki wa makao ya Bahati waliokuja leo kwa viti vyao vya magurudumu.

Kimeli ameomba jambo moja lisomwe hapa: mwenye mzazi hai, amuulize angali anasema. Mama aliulizwa mapema, na usiku huu Kimeli atalala bila kujilaumu.

Bwana ampokee Mama yetu, ampe utulivu usio na mwisho.