Angélique Masika, Fundi wa Doornfontein Aliyemshonea Kipa wa Bulgaria

Wasifu huu umeandaliwa na familia na unasomwa na mdogo wake, Clémentine.

Mama tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 23 Agosti 2025, alizaliwa Butembo, Kivu ya Kaskazini, tarehe 9 Juni 1974. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu François Kambale, fundi viatu, na marehemu mama Kavira. Katika nyumba yao harufu ya ngozi na gundi ilitangulia harufu ya chakula, na Angélique alijua kushika sindano ya viatu kabla hajajua kumsuka mdogo wake nywele.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo Butembo, akachukua ufundi wa kukata na kushona nguo, akapata diploma yake mwaka 1993. Walimu walimsifu kwa mkono safi na kumlalamikia kwa ukaidi. Akiona mshono umepinda aliufumua wote, hata kama kengele ilishalia na wenzake walikuwa wanamngoja njiani.

Tarehe 17 Aprili 1999 alifunga ndoa na Évariste Muhindo. Mwaka uliofuata walijaliwa Hénock. Vita vilipozidi waliondoka, na mwezi Novemba 2002 wakafika Johannesburg, wakapanga nyumba mtaa wa Bertrams. Victoire alizaliwa hapa mwaka 2004.

Mama Hénock alipata nafasi ya cherehani katika karakana moja ya Doornfontein, akishirikiana chumba na mama Pascasie kutoka Burundi, aliyeshona mapazia. Yeye alishona mikoba, mikanda, viatu vya shule na sare za kwaya. Mumewe alipata kazi ya ulinzi kwenye uwanja wa barafu kaskazini mwa mji. Jumamosi hakukuwa na mtu wa kubaki na Victoire, kwa hiyo baba alikuwa akienda naye kazini. Wenye uwanja walimwonea huruma yule mtoto aliyekaa benchi siku nzima, wakampa viatu vya kuteleza. Ndivyo binti wa fundi wa Butembo alivyoanza kucheza hoki.

Mara ya kwanza mama alipokwenda kumtazama, alibeba blanketi na chupa ya chai. Wasichana wawili walipogongana ukutani aliinuka, akamuuliza mumewe iweje watoto wapigane na mwamuzi anaangalia tu. Évariste alimweleza kwamba huo ndio mchezo. Akaketi, lakini hakuridhika, na kuanzia siku hiyo kila kifaa cha kujikinga cha Victoire kilipita mkononi mwake kabla ya kuvaliwa. Baadaye na wenzake wakaanza kumletea vyao.

Mwezi Machi 2024 mashindano ya kimataifa ya wanawake ya daraja la chini yalifanyika hapa Johannesburg, na Victoire, ambaye alikuwa amepata uraia, aliitwa timu ya taifa ya Afrika Kusini. Walishinda mechi zao zote, na Bulgaria nayo ikashinda zote. Mechi ya mwisho ilikuwa kati yao, na mshindi ndiye angepanda daraja.

Siku ya mapumziko kabla ya mechi hiyo, kinga ya mguu ya kipa wa Bulgaria ilipasuka ubavuni mazoezini, na kamba zake zikang'oka. Hawakuwa na nyingine ya kimo chake. Kocha wao aliuliza pale uwanjani kama kuna fundi, na aliyeulizwa alikuwa Évariste. Alimpigia mkewe simu. Mchana kocha na kipa, binti mrefu aliyeitwa Ralitsa, walishuka Doornfontein na ile kinga, nene kama godoro.

Victoire alikuwa karakanani, amemletea mama chakula. Alipoona jezi yao, alimvuta mama pembeni, akamwambia kwa Kiingereza kwamba kipa wao wa pili ni dhaifu, na kwamba wakimkosa Ralitsa kombe ni letu. Mama Pascasie naye, kwa utani, akashauri upitishwe uzi mwembamba.

Mama hakucheka. Alimjibu binti yake kwa Kiswahili, polepole, ili amwelewe vizuri.

"Victoire, huyu ni mtoto wa mtu. Hiki ndicho kinachozuia goti lake lisivunjwe. Nikishona vibaya, nimemvunja mimi."

"Eish, Maman. Na sisi?"

"Ninyi mcheze."

Alishona mchana kutwa kwa uzi wa kushonea viatu, mara mbili mbili, akatia kipande cha ngozi ndani palipochanika. Ralitsa aliijaribu, akapiga magoti sakafuni na kuinuka mara kadhaa, kisha akamkumbatia. Victoire alikuwa ameshaondoka.

Kesho yake Bulgaria walikuwa mbele mabao mawili kwa moja. Dakika za mwisho Victoire alibaki peke yake na kipa, akakipiga kile kisahani cheusi wanachochezea hoki, chini, pembeni kabisa ya goli. Ralitsa aliutupa mguu wake. Kisahani kiligonga pale pale palipokuwa na ngozi mpya, kikarudi. Mama alikuwa jukwaani, akaona yote. Bulgaria wakapanda daraja.

Nyumba ya Bertrams ilinyamaza kwa majuma mengi. Victoire alikula na kuondoka mezani. Mama hakuomba radhi, wala hakumlazimisha mtoto kuongea, ingawa Évariste anasema alikuwa akikaa macho kitandani, akisikiliza kama mlango wa binti utafunguka. Kisha mchana mmoja wa Juni Victoire aliingia karakanani, akaweka juu ya cherehani glavu zake zilizotoboka viganjani. Mama alizigeuza, akauliza zinatakiwa lini. Victoire akasema Jumamosi. Wakaanza kuongea.

Mwezi Februari 2025 mama aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alipelekwa kusafishwa damu, na aliyemsindikiza mara nyingi alikuwa Victoire. Siku moja wakiwa kwenye foleni, binti alimuuliza jambo alilokuwa amelibeba mwaka mzima: kama angejua kwamba mguu ule ndio utakaozuia bao lake, angeshona?

Mama alifikiri kidogo. "Ningeshona. Lakini siku ya mechi ningebaki nyumbani, nisione."

Walicheka wote wawili, hata muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Alfajiri ya Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025 alifariki hospitalini hapa Johannesburg, mume na watoto wakiwa kando ya kitanda. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Ameacha mume, Évariste. Watoto wawili, Hénock na Victoire. Mjukuu mmoja, Inès. Mdogo wake, Clémentine. Na mama Pascasie, aliyekaa naye chumba kimoja cha kazi miaka ishirini. Wachezaji waliosimama kule nyuma na jezi zao wameomba kuhesabiwa katika watoto wake, na familia imekubali.

Mungu wetu ampokee, ampe pumziko la amani.