Diski ya Tisa

Katika basi la kwenda Migori, Roseline alijifanya anasoma gazeti, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Hapo Mzee Motari, mwalimu wa kwaya ya Wasabato, alikuwa amepakata laptop kuukuu, na fundi wa kompyuta aitwaye Frankline akimhoji kama daktari.

"Windows 95 huwekwa kwa diski kumi na tatu, mzee. Ulifika ya ngapi?"

"Ya tisa. Ijumaa jua likatua, nikazima."

"Ukazima katikati?"

"Sabato ilikuwa imeingia, kijana wangu. Jana jioni kuwasha, kioo cheusi tu."

"Si ungeniita? Mimi Mkatoliki, ningekuwekea zilizobaki."

"Nikubebeshe wewe dhambi yangu?"

Roseline alificha kicheko kwa gazeti. Kisha mzee akashusha sauti. "Nyimbo zangu zote za makambi ya kanisa zimo humu, na sina nakala. Bado ziko?"

"Pengine. Tutajua tukianza upya, diski ya kwanza. Lakini niko na nafasi Ijumaa alasiri tu."

Mzee alilitazama jua dirishani. Basi liliposimama Uriri, alikuwa bado anahesabu diski kwa vidole, na Roseline, aliyepaswa kushuka hapo, hakuinuka.