Jicho la Nairobi kwenye Mguu wa Hirbo

Wewe unayeguna hapo, ukimaliza kuguna usikilize. Hukuwa Wabera, hapa Isiolo, siku hiyo, na benchi ya Bisharo iko pale pale kwa mlango wake, nenda uulize. Bisharo anauza kahawa ya tangawizi kutoka chumbani, wateja wanakaa nje, na mdomo wake hauchagui mtu. Siku nne nyuma, ndugu yake mdogo Hirbo alianguka kutoka lori la mbuzi njia ya Merti, paja likavunjika. Asubuhi hiyo muuguzi Elijah alipiga simu kutoka hospitali: daktari yuko tayari kupasua, lakini Hirbo hatii sahihi mpaka dada yake aseme sawa. Jibu lilitakiwa kabla ya saa nane. Saa saba ilikuwa imeshapita.

— Na kuna miwani, Bisharo akawaambia wateja akimimina. Daktari wa hapa anavaa miwani kubwa. Mkubwa wake yuko Nairobi, anaitwa Kinanu. Chenye huyu anaona, yule pia anaona. Anamchorea mistari mbele ya macho: toboa hapa, chuma weka hapa.

— Hiyo ni vidio kol tu, akasema Mahamud, muuza kredi ya simu, ambaye wote wanamwita Netiweki. Shida ni bando. Ikiisha katikati, daktari anabaki na nyundo mkononi akingoja mstari.

— Nyundo?

— Mama, kwani ulidhani mfupa unashikwa na gundi?

Abass, ambaye babu yake alikuwa askari wa mkoloni, kwa hivyo yeye ndiye Sajini, akaweka kikombe chini.

— Babu alifungwa mguu kwa vijiti na ngozi ya mbuzi. Akatembea mpaka Moyale.

— Nilimwona mimi, Bisharo akasema. Alikuwa akianza safari ya Moyale, mguu ulivyopinda, anajikuta Garba Tulla.

Walicheka wote isipokuwa Tuye, aliyewahi kuwa tanboi, utingo wa malori, na jina likamganda.

— Mimi naogopa jicho. Ngamia wangu alikaushwa maziwa na mtu aliyemsifu bila kusema mashallah. Sasa huyo Kinanu ni Mmeru wa kanisa. Akiona mfupa wa Hirbo aseme tu, "Lo, mzuri!"

— Jicho litoke Nairobi mpaka Isiolo? akauliza Bisharo.

— Kama mstari unafika, jicho litakosa njia?

— Linafika, akasema Netiweki, lakini likiwa dhaifu. Hapo Nanyuki mlima unalizuia.

— Basi Kinanu avae miwani ya jua, akasema Sajini.

— Na hiyo miwani inakumbuka, Tanboi akaongeza. Kesho wataivaa wapasue mzee mwingine, kumbe bado inaonyesha paja la Hirbo. Mzee anaamka na mguu wa kijana.

— Huyo ataoa tena!

Bisharo hakucheka. Neno la jicho lilikuwa limemkaa. Akatoa simu mfukoni.

— Nitasema sawa, lakini Kinanu aseme mashallah kwanza.

— Mara tatu, akasema Tanboi.

— Na spika iwe wazi, akasema Netiweki.

— Aandike na barua, akamaliza Sajini.

Kabla Bisharo hajabonyeza, akafika Anisa, binti wa binamu yake, kutoka kijiji cha Kulamawe, amebeba kibuyu cha maziwa ya ngamia, vumbi mpaka kwenye kope.

— Salaam aleikum.

— Aleikum salaam.

— Shangazi, nimesikia jana usiku. Leo Hirbo ameamkaje?

Netiweki akaangalia simu yake. Sajini akakoroga kikombe kilichokwisha. Bisharo alikuwa akituma supu kwa boda kila siku, chupa ikirudi tupu, naye akaihesabu hiyo kuwa salamu. Hospitali ni dakika kumi kwa miguu.

— Labda tumuulize Kinanu, Tanboi akasema polepole. Yeye ndiye amemwona.

Bisharo akaingia, akajifunga mtandio, akatoka.

— Kibuyu lete nikibebe mimi. Twende.

— Na jibu, mama? akauliza Netiweki. Saa nane hiyo!

— Niseme sawa kwa mtu sijamwona?

— Na kahawa? akauliza Sajini.

Birika lilikuwa bado linatoa mvuke ndani. Bisharo akavuta mlango, akaufunga.