Makofi Matatu Vichakani Mkwaja

Bwana asifiwe, wapendwa! Na ninyi mlioketi kule nyuma karibu na mlango, asifiwe tena, maana nawaona mnavyoangalia saa.

Mimi mnanijua, Mama Eliya wa Raskazone. Leo sikuja kushuhudia kuponywa homa wala kupata kazi. Nimekuja na jambo linalonishangaza mpaka sasa, na bado nalichunguza kama mtoto anayefungua redio aone ni nani anayesema humo ndani.

Mama yangu mzazi, yule pale benchi la mbele mwenye kilemba cheupe, alisoma shule ya bweni huko milimani Usambara. Shule ya ajabu! Masomo yao mengi yalikuwa nje. Hesabu walijifunzia kwenye matuta ya mboga, jiografia waliisoma kwa miguu, mtoni na msituni. Na kwa kuwa ukungu ukishuka kule humwoni hata jirani yako, walikuwa na sheria. Aliyepotea aketi chini, afunge kitambaa kwenye tawi, asitangetange. Mwalimu hupiga makofi matatu, kisha wote hunyamaza kimya. Aliyepotea hujibu kwa makofi mawili.

Mama akatulea kwa sheria hiyo, sokoni, ufukweni, popote. Wenzetu walitucheka, "Watoto wa makofi hao!" Tuliona haya kwelikweli. Nikawa najiuliza, ni shule gani hii isiyokwisha?

Ndugu zangu, Mama akaanza kusahau. Kwanza funguo, kisha njia ya kanisani, kisha sisi. Asubuhi moja nilimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri tu, halafu akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilikwenda jikoni nikalia. Nikamuuliza Mungu, mtu akiondokewa na kila kitu, hubaki na nini?

Basi mwaka huu tukaenda Mkwaja kwenye harusi ya binti wa jirani yetu wa zamani, Mzee Bakari. Tukala pilau, tukageuza shingo, Mama hayupo! Nyuma ya nyumba zile ni vichaka vitupu, na tembo walikuwa wamepita kwenye mihogo ya watu juzi yake. Jua kali, na Mama hana hata maji. Kijiji kizima kiliinuka, Mungu awabariki! Vijana wakapiga honi za bodaboda, akina mama wakaita, msikitini wakatangaza kwa kipaza sauti. Nilikimbia mpaka kandambili ikakatika. Kelele zote zile, na anayeitwa halijui jina lake!

Hapo nikasimama. Aliyenisimamisha ninyi mnamjua. Nikarudi kwa Mzee Bakari, nikamwomba watu wote wanyamaze. Alinitazama kama nimerukwa na akili. Kisha akapaza sauti, "Jamani, nyamazeni! Zimeni pikipiki! Mwana ataka kumsikia mamaake."

Kikawa kimya. Nikapiga matatu. Hakuna kitu. Nikasogea mbele, nikapiga tena. Hakuna. Niliogopa, wapendwa, nilisali bila maneno. Mara ya tatu, upande ambao hakuna aliyekuwa akitafuta, yakaja makofi. Dhaifu, lakini mawili!

Tulimkuta ameketi kivulini, mtandio kaufunga kwenye tawi. Mbele yake kidogo palikuwa na kinyesi cha tembo, bado kibichi. Angeendelea kutembea, leo ningekuja hapa na habari nyingine. Akanitazama kwa ukali.

"Wewe ni wa bweni gani?"

"La kwako, Mama."

Akanipa mkono nimwinue.

Ndugu zangu, swali langu limejibiwa nusu, nusu bado nalichunguza. Ninachojua ni kwamba Mungu alianza kumwokoa Mama kabla mimi sijazaliwa, kwa mkono wa mwalimu ambaye hata jina simjui. Namshukuru Mungu, na mwalimu yule namshukuru! Na wewe uliyepotea leo, acha kukimbia. Keti. Yupo anayekuita, ila humsikii kwa kelele zako mwenyewe. Mwamini, umjibu.

Sasa tulieni, hata ninyi watoto. Mama hajui kama hapa ni kanisani, wala mimi hanijui. Nampigia matatu.

Mmesikia mawili hayo? Bwana asifiwe!