Jina la Zabelle Kwenye Kaburi la Makome

Mheshimiwa Meya Quillin, Baba Paroko, Mwalimu Ghislaine mwenye kitabu chake, ndugu wageni mliotoka kila pembe ya kisiwa chetu cha Marie-Galante, nanyi mnaolitazama sinia la mikate ya muhogo kuliko mnavyonitazama mimi: nawasalimu wote kwa vyeo vyenu.

Mimi Théodule Nérac sikusoma sana, lakini nani hapa amewahi kunishinda kukata miwa? Hayupo. Na nani amelipaka chokaa lile kaburi lililozungushiwa makome ya baharini, kila Sikukuu ya Watakatifu Wote, miaka hamsini na miwili? Ni mimi. Nikawa nawaambia amelala humo babu yetu, mpiga ngoma aliyemzaba nyapara kofi. Sikuambiwa na mtu. Nilimtunga mwenyewe, na kila mwaka makofi yakaongezeka.

Basi akaja Ghislaine na karatasi zake.

"Babu, aliyelala humo ni mwanamke. Mtumwa wa kukaanga unga wa muhogo."

"Toka hapa! Babu yangu umvalishe gauni?"

"Huyo babu si umemtunga? Mimi wangu nimemtafuta kwanza kwenye karatasi."

Nikamfukuza na brashi ya chokaa. Akarudi, akanisomea daftari la shamba la miwa la enzi za utumwa. Ndugu zangu, nyumbu wote wanne wa kuvuta mikokoteni wana majina! Yeye ameandikwa, "mwanamke mweusi, wa jikoni, kazikwa penye makome." Basi. Nyumbu awe na jina, mama wa watu akose?

Mwalimu akamwandikia riwaya nzima, akampa jina Zabelle, akampa ulimi mkali na magoti yanayouma. Nilisomewa wiki tatu. Zabelle alipomficha mwanawe chini ya kapu la mihogo, mimi niliyekata miwa na homa mwilini, nililia. Mpiga ngoma wangu hakuwahi kumliza mtu.

Sasa Mheshimiwa unasema jina lililotoka riwayani halifai kaburini, maana halimo daftarini. Ni kweli halimo, na Mwalimu mwenyewe kakiri hivyo ukurasa wa kwanza. Lakini aliyeshika kalamu siku ile hakutaka hata kumuuliza anaitwa nani. Huyo ndiye tumngoje?

Kibao hiki nimekiandika kwa mkono wangu, herufi saba, zinapanda mlima kidogo: ZABELLE. Chini yake Mwalimu ameongeza, "Ndivyo tunavyomwita sisi." Makaburini ni hatua mia tu kutoka hapa.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Mheshimiwa, wewe shika nyundo; msumari nitaushika mimi.